Mzee Aliyelipwa kwa Dharau

Baluku Yosia hakuwa na heshima kwa mtu yeyote anayetafuta utajiri wa haraka, na kwa kuwa Bwera ni mji wa mpakani mwa Uganda na Kongo, watu hao walikuwa karibu wote aliowajua. Tangu ujana wake alikuwa mtoza ushuru wa soko. Kila siku ya soko alizunguka kati ya samaki wa chumvi, vitenge na magunia ya kahawa, kitabu cha risiti kwapani, akisikiliza uongo. Kuna waliojifanya wagonjwa alipokaribia. Kuna waliojifanya viziwi. Mwanamume mmoja mzima, mwenye ndevu na watoto, alijificha chini ya meza ya muuza nyama na kuvumilia nzi huko chini, mpaka Baluku alipoinama taratibu na kumkabidhi risiti hapo hapo alipochuchumaa.

Wauzaji nao walimrudishia dharau yake. Walimwita Kupe, na hawakumwita kwa siri.

Mapenzi yake ya sarafu yalianza kwa hasira. Mchuuzi mmoja kutoka ng'ambo ya mto alimlipa ushuru kwa makuta, zile sarafu za Zaire, wakati ambapo hata watoto wa Kongo walikuwa wameshaacha kuziokota. Baluku alizigundua jioni, akatukana, akainuka kwenda kuzitupa chooni. Njiani akaitazama moja. Ilikuwa na mwaka wake, umechorwa wazi, na mwaka ule haukubadilika hata alipoikunjia uso. Haikulia. Haikusema mtoto wake anaumwa. Akairudisha ndani na kuitia katika kopo la maziwa ya unga.

Makopo yaliongezeka. Alikuwa na senti za mkoloni zenye tundu katikati, shilingi zenye korongo mwenye taji, na faranga za Kibelgiji zenye mchikichi. Alizipanga kwa miaka, akazifuta vumbi kwa kitambaa cha pamba, wala hakumwonyesha mtu, kwa sababu hakumjua mtu ambaye macho yake yalistahili kuziona.

“Wanaume wengine wana pombe,” mkewe Rusi aliwaambia wanawake wenzake kanisani. “Wangu ana vyuma.”

Alipostaafu, walimfanyia sherehe ya soda na chapati, wakampa saa ya ukutani iliyokufa wiki ile ile. Hakushangaa. Akaketi barazani kwake kuungoja uzee. Uzee ukachelewa, wakaja wajinga.

Walikuja kwa sababu ya uvumi. Mtu fulani, mahali fulani, alisema kwamba ndani ya pesa za zamani mna zebaki, na matajiri wa ng'ambo wanainunua kwa bei ya lori zima. Uvumi ukapanda milima na kushuka. Madereva waliuamini, wahubiri waliuamini, na watu waliosoma waliuamini zaidi, kwa kuwa wao waliweza kuueleza kwa maneno marefu. Na kwa kuwa wote walikuwa wamesikia kuhusu makopo ya Kupe, walimletea sarafu zao zimefungwa katika leso, wakinong'ona kama watu waliobeba mtoto mchanga.

Siku moja alikuja mwalimu mkuu wa shule, mwenye tai na kalamu tatu mfukoni.

“Mzee, hii inazima redio,” alinong'ona. “Ukiiweka karibu tu, redio kimya.”

“Basi nunua betri mpya.”

“Lakini mzee, nimeona kwa macho yangu.”

“Ni senti tano ya mwaka wa sitini na nne. Ndani yake mna shaba, na nje yake uchafu wa mikono yako. Unafundisha watoto wa watu wewe? Wanafundishwa nini? Nenda. Na usiifunge katika leso, unaitia jasho.”

Mwalimu mkuu aliondoka amenywea. Nje ya ua, kijana mmoja mwenye viatu vyenye ncha alikuwa amesimama akicheka hadi machozi. Aliitwa Bright. Alizaliwa Bwera, akapotelea Kampala miaka mingi, akarudi na gari ambalo kila mtu alijua ni la kukodi.

“Mzee, mbona unamkaripia hivyo mtu mkubwa?”

“Sijamkaripia. Nimemwambia kweli. Angetaka kubembelezwa, angebaki kwa mkewe.”

Bright akarudi baadaye na kilo za sukari na maneno matamu. Alikuwa na ofisi Kasese, alisema, ya biashara ya vitu vya kale. Watu walimletea sarafu, wengine walitaka kununua, naye hakuwa na mtu anayezijua. Alitaka mzee akae kwenye kiti, aangalie, aseme.

“Nitasema ni takataka,” Baluku alimwonya.

“Ikiwa takataka, sema takataka. Sitaki useme uongo hata siku moja, mzee. Nakuapia kwa jina la mama yangu.”

Maishani mwake Baluku alikuwa amelipwa kwa kuwafukuza watu waliomdanganya, lakini hakuna aliyewahi kumwahidi mshahara kwa kusema kweli. Akakubali papo hapo. Rusi, ambaye alikuwa akichambua maharage mlangoni, alingoja mgeni aondoke.

“Huyo kijana anacheka sana,” alisema. “Nani anacheka vile kabla hajanywa hata chai?”

Baluku alibetua midomo. Mchambua maharage angejua nini kuhusu kazi za utaalamu?

Ofisi ilikuwa juu ya duka la mabati na misumari, karibu na stendi ya Kasese. Chumba cha nje kilikuwa cha Baluku: meza yenye kitambaa cha kijani, taa, kioo cha kukuzia, na ukutani kibao kilichoandikwa MTAALAMU WA SARAFU, chini yake jina lake. Alijifanya hakioni kibao hicho. Lakini kila asubuhi alifika mapema, akakisoma, ndipo akaketi. Chumba cha ndani kilikuwa cha Bright, na mlango wake ulifungwa daima.

Kazi ilimwenea kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Watu walipanda ngazi wakihema, sarafu mkononi, nao walikuwa wa kila namna ya kudharaulika. Alikuja mfanyabiashara wa saruji aliyesema ameoteshwa na malaika. Alikuja mhubiri aliyetaka kujua kama zebaki ni dhambi kabla au baada ya kuuzwa. Alikuja mama mwenye wigi aliyemwita “daktari.” Baluku aliichukua kila sarafu kwa vidole viwili, akaigeuza mara moja, na kuisukuma juu ya kitambaa cha kijani.

“Takataka. Ziko nyingi kuliko nzige. Anayefuata.”

Wakisha kutukanwa, waliingia chumba cha ndani. Baada ya muda walitoka macho yanameta, wakampita bila kumtazama. Baluku alidhani Bright huwapoza kwa soda. Hakuuliza. Aliwadharau mno kiasi cha kutojali wanakokwenda, na jioni Bright alimpigapiga begani, akasema, “Leo umekuwa mkali kuliko jana, mzee. Endelea hivyo hivyo,” naye akarudi Bwera ameshiba sifa.

Ndipo siku moja akapanda ngazi Consolée.

Consolée alikuwa mfanyabiashara wa Butembo. Vita vilimvusha mpaka pamoja na watoto wake, na alianza upya sokoni Bwera kwa vitenge vichache, hadi akawa na meza ndefu yenye mwavuli. Katika miaka yake ya mwisho ya kazi Baluku alimtoza ushuru, naye alilipa bila kelele na kungoja risiti yake. Baluku hakuwa na neno baya juu yake, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa. Kumwona pale, na leso mkononi, kulimchefua kuliko wale wengine wote.

“Mama Consolée. Hata wewe?”

“Jambo, Papa Baluku. Niko na ka-kitu hapa, uniangalilie. Iko ya kweli ao ya bongo?”

Alifungua leso. Hata kuigusa, Baluku hakuigusa.

“Senti kumi ya mkoloni. Imetobolewa katikati ili watu waifunge kwenye kamba wasiipoteze, maana walijua wenyewe ni wazembe. Haina kitu. Nilidhani wewe una akili, mama, kumbe kichwani mwako pia ni tundu tupu. Rudi ukauze vitenge.”

Hakukasirika. Alimtazama usoni kwa makini, kama mtu anayesikiliza neno jingine nyuma ya lile lililosemwa, kisha akamshukuru kwa upole na kuingia chumba cha ndani.

Wiki kadhaa zikapita. Baluku alikwenda sokoni Bwera kununua samaki, akapita mahali pa ile meza ndefu, akakuta kijana asiyemjua akiuza masufuria. Consolée alikuwa mbele zaidi, mwisho wa soko, ameketi juu ya gunia chini, nyanya amezipanga mafungu mafungu mbele yake.

“Vitenge viko wapi?” Baluku aliuliza.

“Niliviuza, Papa. Nilitafuta franga za kununua ile sarafu.”

“Sarafu gani?”

“Ile uliniangalilia Kasese. Bwana Bright alisema mununuzi wa Dubai atakuja. Nangojea. Hajakuya bado.”

Baluku alipaza sauti. “Mwanamke wewe! Si nilikuambia kwa mdomo wangu haina kitu? Nilikuambia kwa Kiswahili! Ulitaka nikuambie kwa Kifaransa?”

“Uliniambia, Papa.” Sauti yake haikupanda. “Lakini yeye alinipatia ile sarafu chini kule kwenye duka ya chai, akasema, panda kwanza kwa muzee. Kama anaisifu, uache, iko ya bongo. Kama anaitukana, iko yenyewe, sababu ile muzee anazitafutiaka watu wakubwa wa Kampala, hapendi mutu mwengine apate. Na wewe uliitukana, Papa. Uliitukana sana.”

Baluku alimnyoshea kidole, samaki wake akining'inia mkono wa pili. Alitaka kumwita mjinga. Neno lilifika ulimini, na hapo likageuka, likamtazama yeye. Alifikiria mfanyabiashara wa saruji, mama wa wigi, mhubiri na dhambi yake. Jinsi kila mmoja alivyoingia chumba cha ndani. Na lile bega lake lililopigwapigwa kila jioni kama bega la ng'ombe anayetoa maziwa vizuri.

Asubuhi yake aliingia chumba cha ndani bila kubisha. Bright alikuwa akila chapati na mayai.

“Umenifanya mwizi,” Baluku alisema.

“Mimi?” Bright alijifuta mikono kwa utaratibu. “Mzee, tuongee kama watu wazima. Hapa nani amesema uongo? Wewe umesema kweli asubuhi hadi jioni. Wameambiwa ni takataka, wamenunua. Nimewafunga kamba?”

“Nitawaambia wote.”

“Waambie. Waambie kwa nguvu.”

Naye aliwaambia. Siku ile alisimama juu ya ngazi akiwapigia kelele waliopanda: kwamba wanaibiwa, kwamba mlango ule ndani yake mna tapeli, kwamba warudi makwao. Mzee mmoja mwenye koti alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akamwambia mwenzake, “Umeona anavyotuzuia? Hiyo lazima iwe kubwa.” Siku ile Bright aliuza kuliko siku zote.

Alikwenda polisi. Afande wa zamu alimsikiliza vizuri, akaandika, kisha akaweka kalamu chini. “Mzee, huyo kijana alikuwa anakulipa mshahara?” Baluku akakubali. “Jina lako liko ukutani, la kwake halipo?” Baluku akakubali tena. “Basi kaa pale kwenye benchi ufikiri kwanza kama unataka niendelee kuandika.” Baluku alikaa, akafikiri, akaenda zake. Nje aliidharau polisi, na jua, na nafsi yake, na safari hii nafsi yake ndiyo iliyokuwa mbele.

Kesho yake alirudi kazini kimya. Bright akamwona, akacheka kidogo, akaingia chumbani kwake.

Wa kwanza kupanda alikuwa mkandarasi wa barabara mwenye tumbo na pete nene. Aliweka senti kumi juu ya kitambaa cha kijani, akajiweka tayari kutukanwa. Baluku aliinuka. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu ambalo uso wake haukulizoea, likampindisha mashavu kama mtu mwenye jino bovu.

“Karibu sana, mheshimiwa! Karibu kiti! Lo, sarafu gani hii? Hii ndiyo yenyewe! Nunua, mheshimiwa. Ukiweza nunua mbili, mletee na shemeji yako. Utajiri wa bure huu, mchana kweupe!”

Mkandarasi alirudi nyuma hatua moja. Alimtazama Baluku, akautazama mlango uliofungwa, akanusa kama kwamba pana kitu kinaungua.

“Mbona unanisukuma hivi?”

“Nakupenda tu, ndugu yangu! Nataka ufanikiwe!”

“Hapa kuna wizi,” alisema mkandarasi. Akashuka ngazi mbili mbili kwa mwili wake wote, sarafu akaiacha mezani.

Baluku alimsifia kila mtu aliyekuja. Alisifu mpaka koo likakauka. Alisifu sarafu ambazo hazikuwa hata sarafu. Hakuna aliyeingia chumba cha ndani. Kufikia mwisho wa wiki habari zilikuwa zimeenea Kasese nzima kwamba yule mzee mkali amehongwa, kwa hiyo bidhaa zote pale ni feki.

“Unaniharibia, mzee,” Bright alisema. Hakuwa akicheka tena.

“Nasifu bidhaa zako. Duka gani linamfukuza muuzaji kwa sababu anasifu bidhaa?”

Alifukuzwa jioni ile. Kibao aliking'oa mwenyewe, akakivunja kwa goti, goti likamuuma. Muda si mrefu Bright alifunga ofisi na kuhamia Fort Portal, na wanasema huko amepata mzee mwingine, mkali kuliko Baluku, na biashara inakwenda vizuri. Hakukamatwa. Watu aliowaibia waliona haya kusema, na baadhi yao hadi leo wanamngojea mtu wa Dubai.

Consolée hakungoja. Alifika kwa Baluku siku moja isiyo ya soko, mwanawe mdogo mkononi, akaketi barazani, akanywa chai ya Rusi, kisha akasema wazi kwamba hakuja kugombana, ila watoto beko na njaa, na mzee afikiri atafanya nini.

Baluku hakujua kuomba radhi. Hakuwahi kupata mazoezi. Aliingia ndani, akatoka na kopo lililojaa senti zenye tundu, zile alizozidharau kuliko zote kwa kuwa ziko kila mahali, akalitua mbele yake.

“Chukua. Hazina thamani, nimeshakuambia. Lakini ni zangu, nakupa.”

Rusi alisonya. “Sasa akapike vyuma?”

Consolée hakuwa na mfuko. Akaomba uzi, akazitunga sarafu moja moja kupitia matundu yake, akachanganya na shanga chache alizokuwa amevaa, kisha akaivaa ile kamba nzito shingoni, mikono ibaki huru kumbeba mtoto. Hivyo ndivyo alivyopita barabarani, na hapo ndipo kijana anayeongoza wapanda mlima, akitoka Kongo na wageni wake wawili, aliposimamisha gari. Mgeni mmoja aliununua ule mkufu shingoni kwake pale pale. Consolée alirudi mbio kwa Baluku kuuliza kama iko na kopo lingine.

Sasa ni kazi. Kila wiki wanakwenda Ibanda, mahali wageni wanapojiandaa kupanda Rwenzori, Consolée na sanduku la mikufu na hereni, Baluku na kioo chake. Wale wale waliokuwa wakimletea sarafu katika leso bado wanamletea, naye anazinunua kwa bei ya vyuma, anachambua: za kutungwa upande huu, na chache sana za kubaki katika makopo yake upande ule. Meza ya vitenge imerudi sokoni, ingawa bado ni fupi.

Baluku anaidharau kazi hii waziwazi. Anasema ni kazi ya kushona shanga. Anawadharau wageni wanaolipa ili wapande kwenye baridi wakachubuke miguu, halafu washuke wakilalamika. Anawadharau kwa kuvaa masikioni kitu ambacho babu yake alinunulia chumvi. Juzi alimkuta Consolée akisugua sarafu kwa majivu ili ing'ae, akapiga kelele hadi mbuzi wa jirani wakakimbia.

“Unaiua! Ule weusi ni umri wake! Nani amekufundisha ushenzi huu?”

“Wazungu wanapenda yenye kungaa, Papa.”

“Wazungu hawajui kitu.”

“Sawa. Lakini beko wananunua.”

Baluku alisonya, akamnyang'anya ile sarafu, akaitazama kwa kioo. Kisha akavuta kiti karibu na sanduku, akaanza kuzitenganisha, za kusugua huku na za kuachwa huku, akilalamika kwa sauti iliyowatosha watu wote wa Ibanda.